Upande wa Kenya

Busia, Uganda, 8 Machi 1977

Mvua imeanza. Stoo ya ofisi yetu ya mji inavuja, kwa hiyo nimeshinda nikihamisha vitu: mafaili yaliyoliwa na mchwa, taipureta isiyo na herufi A, na simu mbili kuukuu za kuzungusha mkono, zilizotupwa huko tangu tulipoletewa hii iliyo mezani kwa Bwana Oundo. Nimechafuka vumbi na tope kwa pamoja, jambo ambalo sikujua linawezekana.

10 Machi

Mwalimu Adeke amekuja ofisini. Ni yule mjane kijana wa Kiteso anayefundisha watoto wadogo katika ghala la pamba la zamani, ng'ambo ya barabara, mkabala nasi. Mpwa wangu Habibah, mtoto wa dada yangu Hajarah, yuko kwake. Aliomba kitu chochote kilichokufa. Anataka watoto wafungue waone ndani. Nikamwonyesha zile simu. Alizipokea mikononi kama mtu aliyepewa mapacha, akauliza kama ofisi imeruhusu. Nikasema imeruhusu. Bwana Oundo, mkuu wangu, alikuwa Tororo, kwa hiyo ofisi ilikuwa mimi. Nilizipangusa kwa kitambaa changu mwenyewe kabla hajaondoka nazo.

11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Bwana Oundo amerudi. Sikumwambia habari ya simu. Ni jambo dogo.

15 Machi

Leo mchana nilivuka barabara kutazama. Nilidhani nitasimama kidogo. Nimekaa hadi Bwana Oundo akanipungia mkono kutoka dirishani kwetu.

Mwalimu ametundika simu moja kando ya mlango na nyingine chini ya dirisha la nyuma, akaziunga kwa waya na betri za tochi. Ukizungusha mkono huku, kengele inalia kule. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa simu, na inaonekana alikuwa akirudi na kazi nyumbani. Watoto hakuwaambia neno. Alikaa kwenye kiti chake akashona kifungo cha blauzi. Wakaizunguka simu kama kuku wanavyozunguka kitu kinachong'aa. Habibah ndiye aliyethubutu. Alizungusha, kengele ikalia nyuma yao, wote wakatimua mbio nje kwenye mvua. Kisha wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wamelowa.

Kuna mtoto aitwaye Okanya, wa miaka minne hivi. Alipewa mkono wa simu wa kusikilizia, akasikia sauti ya Habibah ikitoka ndani yake. Akautazama. Akachungulia vitundu vyake. Akauweka chini taratibu, asije akamwamsha aliyemo, akakimbia hadi dirishani kuangalia kama Habibah yuko kweli. Akamkuta. Akarudi mbio, akashika tena.

"Uko pale?"

"Niko."

Akaweka chini, akakimbia tena kuhakikisha. Mwalimu hakumzuia, wala hakumweleza. Alifanya hivyo mpaka akachoka, akakaa chini, akacheka peke yake kama mtu mzima aliyekumbuka jambo.

Nilimwuliza Mwalimu kwa nini hawafundishi kwanza jinsi kitu kinavyofanya kazi.

"Karani," akasema, "wewe walikufundisha kwanza. Ndiyo maana unaogopa kila kitu."

Nilicheka kwa sababu watoto walikuwa wanatazama. Baadaye akaniambia kwamba redio watoto wote wameiona, lakini redio inasema peke yake. Hii ukinyamaza nayo inanyamaza, inakungoja. Niligeuka kutazama mlangoni, kama kuna aliyesikia, kabla sijamjibu. Hapakuwa na mtu.

Kila upande watoto wameshaupa jina. Mlangoni ni Uganda, dirishani ni Kenya. Si ajabu. Hapa mjini kila kitu chenye pande mbili kina Uganda na Kenya: timu za mpira, kitanda cha ndugu wawili, hata sinia la ugali. Hajarah akitaka nisogeze godoro huniambia nilipeleke Kenya kidogo. Tumezaliwa mpaka ukiwa mlangoni, tunautumia kama wengine wanavyotumia kulia na kushoto.

Na Kenya ndiko kila mtoto anakotaka kukaa, kwa sababu huko kuna duka.

"Halo Kenya! Sabuni iko?"

"Iko."

"Leta."

"Leta kahawa kwanza."

Wazazi waliokuwa wamejikinga mvua barazani walicheka hadi wakashikana mabega. Nami pia.

19 Machi

Mvua. Paa la stoo bado.

24 Machi

Leo wamefungua mdomo wa simu kwa bisibisi. Mwalimu aliwaachia, skrubu moja imepotea, wameitafuta wote kwa magoti. Ndani kuna mchanga mweusi, na ukimwagika sauti inakufa. Okanya akauliza kama sauti inalala humo. Mwalimu akamwambia amwage kidogo asikilize. Akamwaga, akasikiliza, akarudisha chembe kwa chembe, akasikiliza tena. Nilikuwa nimepiga magoti pamoja nao, na suruali yangu ya kazi. Sijui ni lini mara ya mwisho nilifurahi kiasi hicho saa za kazi.

30 Machi

Kuna mgeni mjini. Ametoka mbali na huku, na Kiswahili chake ni cha kambini. Wanasema anafuatilia kahawa ya magendo, hasa watu wanaowatangulizia habari wenzao ng'ambo ili lori livuke salama. Sitaandika jina lake. Tangu afike, maduka yanafungwa mapema, na hakuna anayesimama barazani kucheka.

Nilifikiri nimwambie Mwalimu aweke simu kando kwa muda. Mvua ilikuwa kubwa. Nitamwambia kesho.

31 Machi

Sikumwambia. Kazi nyingi.

4 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mvua kubwa ilimkuta mgeni barabarani, akaingia ofisini kujikinga. Bwana Oundo akakumbuka kwamba ana shughuli kwenye mfereji wa soko, akatoka katika mvua ile ile bila mwavuli. Nikabaki naye.

Nilimpa chai, nikaomba radhi kwa kukosa sukari. Akasema sukari siku hizi inajua njia za kuvuka kuliko watu. Alikuwa na adabu. Ningependa kuandika kwamba alinitisha, lakini aliuliza tu nilisoma wapi. Nikasema Mumias, kwa mjomba wangu. Akasema ndiyo sababu Kiswahili changu kimepigwa pasi. Nilifurahi kusifiwa. Hilo nalo lazima liandikwe.

Ng'ambo ya barabara kengele ikalia.

"Hiyo kengele ni ya nini?"

"Ni watoto wa Mwalimu Adeke, afande. Wanacheza na simu."

"Iko nasema na nani?"

"Na Kenya," nikasema.

Nilisema hivyo kama ningesema na mlango au na dirisha. Neno lilitoka lenyewe, kama linavyotoka kwetu kila siku. Naapa kwamba sikukusudia kitu.

Akaweka kikombe chini.

"Na Kenya," akasema. Hakuwa anauliza.

Hapo ndipo palipo na kosa. Si katika neno la kwanza, ambalo lingemponyoka mtu yeyote wa Busia, bali katika kimya kilichofuata. Nafasi nilikuwa nayo. Mvua ilikuwa bado inanyesha, hakuwa na haraka, alikuwa ananitazama akingoja. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi: afande, Kenya ni dirisha. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini niliwaza kwamba nikieleza dirisha ataniuliza nimelijuaje, na nikieleza nimelijuaje atauliza simu zimetoka wapi, nikaiona mikono yangu ikizipangusa vumbi.

Akauliza nani alimpa simu. Nikasema sijui.

Akauliza kama nimewahi kuingia mle. Nikasema nilipita mara moja, sikukaa.

Akamaliza chai bila haraka, akanishukuru, akatoka. Mvua ilikuwa bado haijakoma. Bwana Oundo alirudi amelowa chapachapa, akaniuliza mgeni alitaka nini. Nikasema alitaka kujikinga.

5 Aprili

Wamemchukua Mwalimu Adeke asubuhi, watoto wakiwa wameshaketi.

Nilikuwa dirishani. Walikuja askari wawili pamoja na mgeni. Waling'oa simu zote mbili ukutani, waya ukaburuzwa topeni nyuma yao. Watoto hawakulia. Okanya alimfuata askari aliyebeba moja, akawa anamweleza kwamba ameishika kichwa chini miguu juu, na kwamba akitaka isikie lazima azungushe. Askari akazidi kutembea. Okanya akamweleza tena, kwa subira, kama anavyoelezwa mtu mgeni wa mambo.

Mwalimu aliomba afunge mlango kwanza, mvua isiingie. Wakamruhusu. Kabla ya kupanda gari la kwenda Tororo alitazama upande wa ofisi yetu. Niliinama kana kwamba kalamu imeanguka.

Haikuwa imeanguka.

6 Aprili

Nimekwenda kazini.

7 Aprili

Bwana Oundo ameniita mezani kwake. Aliniuliza nimeona nini juzi. Nikasema sikuona kitu. Akasema na iwe hivyo hivyo, mimi ni kijana mwenye akili, mwakani kuna nafasi ya karani mkuu. Akanipigapiga bega. Lililonitia aibu si maneno yake. Ni kwamba bega lilitulia.

12 Aprili

Mama yake Mwalimu amefika kutoka kijijini. Anaitwa Among. Ameleta mkeka wake, amekaa kwenye baraza ya ofisi yetu kwa sababu inatazamana na ghala. Bwana Oundo alimwambia hapa si mahali pa kukaa. Akajibu kwamba hajakaa, anangoja.

Kila ninapopita ananisalimu. Kiswahili chake ni cha sokoni. Leo alinishika mkono wa shati.

"Mwanangu, wewe uko na kalamu. Nani alisema mtoto yangu nasema na Kenya?"

Nikasema sijui, mama.

"Hata dada yangu ya tumbo moja iko Kenya. Mimi nasema na yeye kila siku ya soko. Hiyo ni kosa?"

Nikasema si kosa. Akanishukuru. Akasema mimi ni mtu wa kwanza mjini hapa kumjibu bila kutazama nyuma yake. Kwa kweli nilikuwa natazama chini.

13 Aprili

Mvua. Mama Among yuko barazani.

14 Aprili

Mvua. Yuko barazani. Kumbikumbi wametoka baada ya mvua, amewaokota kwenye ukingo wa khanga yake, akanigawia nusu. Nilisema nimefunga. Sikuwa nimefunga.

16 Aprili

Yuko barazani.

Nimeanza kuingia ofisini kwa mlango wa nyuma.

18 Aprili

Jioni tulikuwa tunakula: mimi, Hajarah, shemeji yangu Nasuru ambaye ana lori, na Habibah. Habibah amekuwa mkimya siku hizi. Watoto wanakaa nyumbani, ghala limefungwa. Mara akaniuliza, kwa sauti ile ile anayoombea maji:

"Mjomba, ile siku ulimpa Mwalimu simu, ulisahau kuwaambia askari?"

Nasuru aliendelea kutafuna. Hajarah aliacha mkono wake ndani ya sinia. Hakuna aliyekuwa ameniuliza neno tangu Mwalimu achukuliwe, nami nilikuwa nimejidanganya kwamba hawajui. Walijua tangu siku ya kwanza. Mtoto aliwaambia alipotoka shule, kwa furaha, kwamba simu zimetoka kwa Mjomba.

"Mjibu mtoto," Hajarah akasema.

"Nilisahau," nikasema.

Habibah akaridhika. Watoto nao husahau vitu. Akaendelea kula.

Hajarah hakuridhika. Alisubiri mtoto aende kulala, akaniuliza kama najua kwamba kila asubuhi yeye humpelekea yule mama uji, na kwamba yule mama huniombea dua kwa jina langu, kwa sababu nilimwambia si kosa. Sikuwa najua. Akaniuliza kama nilifikiri uji unatoka mbinguni, kama chakula changu. Nikamwambia haelewi watu hawa ni watu gani. Akasema anaelewa, ndiyo sababu haniiti mwoga. Mwoga ni mtu anayekimbia mwenyewe, si anayemsukuma mwingine mbele.

Nasuru alinawa mikono, akafuta ndevu.

"Alhamisi napeleka mzigo Tororo," akasema. "Kiti cha mbele kiko wazi."

20 Aprili

Sijalala vizuri. Nimeandika maneno nitakayosema, nikayakariri, nikachoma karatasi jikoni. Afande, kwetu Kenya ni dirisha. Afande, simu nilitoa mimi. Sentensi mbili tu. Nilifaulu mitihani mirefu kuliko hiyo.

21 Aprili

Nimerudi. Naandika sasa hivi, maana nikingoja nitaanza kupamba.

Msitu wa Busitema ulikuwa unatiririka maji, nyani wamekaa barabarani kama wenye barabara. Wingu lilikuwa limefunika jiwe la Tororo, lile kubwa kama mlima, nami nilipatana na nafsi yangu: likionekana nitaingia, lisipoonekana nitarudi na lori. Tulipofika mjini likaonekana lote, jeusi, limelowa. Nikajiambia sikusema kwa dhati. Nasuru akasimamisha lori kwenye kona, akazima injini, akasema atanisubiri hapo hapo hata kama itakuwa wiki. Akanifungulia mlango kwa ndani, maana kitasa chake kimeharibika.

Jengo la mgeni na askari wake ni lile ambalo watu hulipita wakitazama upande mwingine. Nilimtaja mgeni kwa jina. Walinikalisha ukutani muda mrefu. Alipotokea alinikumbuka mara moja.

"Karani wa chai. Nini?"

Nikasema nimekuja kueleza neno.

Nilieleza. Nilieleza vibaya, nikirudia. Kwamba Busia tunasema Kenya kwa upande wowote. Kwamba mlango ulikuwa Uganda na dirisha lilikuwa Kenya. Kwamba waya haukufika hata barabarani, uliishia ukutani. Alinisikiliza akichokonoa meno. Kisha akaita askari wake waje kusikia, akaniamuru nionyeshe.

Nikamwuliza nionyeshe vipi.

"Wewe simama pale dirisha. Hiyo ni Kenya. Piga simu."

Nilikwenda dirishani. Niliweka ngumi sikioni. Nikasema, halo Uganda. Wakacheka. Akasema hakusikia kengele. Nikalia kama kengele. Akasema sasa Uganda ijibu, nikakimbia hadi mlangoni nikajijibu: halo Kenya, sabuni iko? Nikakimbia dirishani: iko. Wakaniambia nirudie. Nilikwenda na kurudi, viatu vya tope vikiteleza sakafuni, mpaka mmoja wao akawa anajifuta machozi, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nikaanza kutabasamu pamoja nao, kama mtoto anayetaka mchezo usimponze.

Mgeni aliacha kucheka kabla ya wengine.

"Mbona ile siku hukusema hivi?"

"Niliogopa, afande."

"Mtu naogopa iko na sababu."

Akanipiga kofi. Si kubwa. Kofi la mwalimu.

"Na hizo simu?" akasema.

Nikafungua mdomo kusema sentensi yangu ya pili. Naandika hapa kwamba niliufungua. Lakini hakuningoja. Akasema yule mwanamke ameulizwa mara nyingi, kwa kila namna, na kila mara amesema neno moja tu: simu ni za marehemu mume wake, fundi, aliziacha nyumbani alipokufa. Ni kweli?

Ndipo nilipoelewa. Alikuwa amenificha. Yeye aliyenicheka kwamba naogopa kila kitu alikuwa amekaa mle, akiulizwa kwa kila namna, na hakulitoa jina langu. Nikisema ukweli sasa ningemfanya mwongo mbele yao, baada ya yote yaliyompata. Hiyo ni hoja nzuri. Nimeigeuza kila upande tangu mchana na bado ni nzuri. Nani angenilaumu?

Lakini haikuwa ndiyo iliyonijia kwanza. Kilichonijia kwanza kilikuwa furaha. Ilinipanda kifuani kama maji ya moto. Hoja ilikuja baadaye, kuifunika.

"Ni kweli, afande," nikasema.

Akanitazama. Akasema mambo ya watoto yamempotezea muda, niende. Sikuuliza kama watamwachia. Nilipotoka Nasuru alikuwa amelala juu ya usukani. Aliniuliza nimesema? Nikasema nimesema. Hakuuliza nimesema lipi.

22 Aprili

Mvua. Mama Among yuko barazani. Nimepita mlango wa mbele. Sikumwambia nilikokwenda.

25 Aprili

Wamemwachia. Lori la mkaa limemshusha kwenye njia panda, akatembea kutoka hapo. Mama yake alimwona kwa mbali kabla yetu sote. Hakukimbia. Alikunja mkeka wake kwanza, akaukunja vizuri, ndipo akaenda.

Nilitazama kutoka ndani.

28 Aprili

Leo Mama Among amekuja nyumbani kwetu na kuku. Kuku wa mayai, mweupe, amefungwa miguu kwa ukanda wa gome la mti. Nasuru ndiye aliyemwambia kwamba nilikwenda Tororo kusema. Alidhani ananifanyia wema, au labda hakudhani hivyo. Mama alipiga magoti mlangoni kwetu. Mwanamke wa umri ule. Nilimsihi ainuke, akakataa mpaka amalize. Alisema mji mzima ulifunga mdomo na mtoto mmoja wa Kiislamu akaufungua. Alisema kwao mtu kama huyo wanampa ng'ombe, lakini ng'ombe waliibiwa.

Nikamwambia, mama, sikustahili. Akasema hivyo ndivyo wanavyosema watu wazuri.

Hajarah alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimgeukia, nikimwomba kwa macho aseme yeye. Hakusema. Alimpokea kuku, akashukuru kwa niaba ya nyumba, akamtafuta Nasuru amchinje.

Wakati wa kula alinipakulia mimi firigisi na paja.

Nilikula.

30 Aprili

Mvua nyepesi. Bwana Oundo ameniuliza habari za Tororo. Nikasema nilimsindikiza shemeji yangu.

3 Mei

Ghala limefunguliwa tena. Si watoto wote waliorudi. Nawasikia wakiimba. Hakuna kengele. Habibah anasema Mwalimu amewapa udongo wa mfinyanzi, kila mtu atengeneze simu yake, ya Okanya ina masikio mawili kwa sababu anasema yenyewe pia inataka kusikia.

5 Mei

Mwalimu Adeke amekuja ofisini mchana, kuulizia kama ghala litaendelea kuwa la shule. Bwana Oundo alipomwona akikanyaga baraza akakumbuka shughuli.

Sikuwa nimemwona kwa karibu tangu aliporudi. Amekonda. Kitambaa amekifunga chini, karibu na nyusi. Mvua ilianza tena akiwa mlangoni, kwa hiyo nikamwomba akae kwenye benchi la wageni mpaka ipungue. Nami nikakaa, kushoto kwake. Tukatazama mvua inavyochimba vishimo topeni. Ghala lilikuwa mbele yetu, watoto wamejazana mlangoni, wananyoosha mikono kukinga maji.

Nilikuwa nimejiandaa. Safari hii sikuandika wala sikukariri. Nikiwa nimetazama mbele, kwa sauti ya chini, nilisema yote. Kwamba neno lilitoka kwangu. Kwamba aliponitazama asubuhi ile, kalamu haikuwa imeanguka. Kwamba kule Tororo niliposikia amenificha sikuhuzunika, nilifurahi. Nikasema kuku wa mama yake nilimla. Nikasema, Mwalimu, nisamehe, na kama huwezi nitaelewa.

Kisha nikangoja.

Hakujibu. Alikuwa anawatazama watoto. Nilidhani anapima maneno, nikaona ana haki ya kuchukua muda wote anaoutaka. Mtoto mmoja aliteleza topeni, wenzake wakamcheka, naye Mwalimu akatabasamu kidogo. Halafu akageuza kichwa chote kunitazama, kama mtu aliyehisi kwamba anatazamwa.

"Karani, ulikuwa unasema?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Basi njoo upande huu." Akagusa sikio lake la kulia. "Hili la kushoto walilimaliza."

Akasogea kwenye benchi kunipa nafasi. Niliinuka, nikazunguka, nikakaa kulia kwake. Akainamisha kichwa karibu yangu, kwa adabu, kama anavyowainamia watoto, akangoja.

"Nilikuwa nauliza," nikasema, "kama mvua hii itakwisha karibuni."

Akatazama juu.

"Mwezi huu bado," akasema.